Kibonyezo Kisicholia

Santana das Pedras, 14 Mei 1972

Mwanangu Tavinho,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula, na umevaa soksi. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza mapema na goti langu la kushoto lilipata habari kabla ya redio. Binamu yako Iracema amejifungua salama mtoto wa kike, wa tano huyo. Mumewe alikuwa amekwisha kununua mpira, sasa anaupiga mwenyewe ukutani na hakuna anayethubutu kumcheka mbele yake. Padre Ladislau anakusalimu, bado anaimba misa kwa pua. Kinanda cha kanisa nacho ni kilekile: noti ya fa ya katikati haijalia tangu mafuriko ya mwaka thelathini na nane, nami naikwepa kama mtu anavyoruka dimbwi la mlangoni kwake. Kwa mkono wa Nonô, dereva wa basi la Rio, nimekuletea jibini mbili na jemu ya mapera. Hakikisha jibini ni mbili. Nonô namjua tangu akituibia mapera.

Haya, sasa jambo lenyewe.

Jumanne nilikuwa nachambua maharage, redio iko juu ya kabati. Akaimba yule Leda Marçal wimbo wake mpya, "Dirisha la Uani", ule unaopigwa kwenye mchezo wa televisheni wa jioni. Nikajisemea, huu ni wa Tavinho, sihitaji mtu wa kuniambia, mkono wake naujua. Wimbo ukaisha, mtangazaji akasema kwa ile sauti yake ya mafuta: "Mtunzi ni Eudóxia Perpétua Brandão, wa Minas Gerais."

Nikamwaga maharage.

Mwanangu, jina hilo ni langu. Eudóxia mama alilitoa kwenye kalenda ya watakatifu, Perpétua lilikuwa la bibi, Brandão ni la marehemu mume wangu, na sidhani Brazili nzima kuna mwanamke mwingine aliyepatwa na yote matatu. Hata sijainama kuokota, Filomena wa jirani keshafika uzioni.

"Dona Eudóxia! Umetuficha, mwanamke wewe!"

"Nimeficha nini?"

"Mtunzi mzima! Na siku zote unajitia kujua nyimbo za kanisa tu!"

Tangu siku hiyo sina raha. Muuza nyama ananikatia mnofu bila kunibania. Padre amenitangaza misani, watu wakageuza shingo wote kwa pamoja. Mimi sijasema ndiyo, sijasema hapana, nacheka tu bila kufungua mdomo kama mtu mwenye jino bovu. Sijawahi kutunga chochote, hata wimbo wa kuitia kuku. Niambie umefanya nini.

Shangazi yako,
Eudóxia


Rio de Janeiro, 9 Juni 1972

Shikamoo Shangazi,

Barua nimeipata, na jibini zote mbili zimefika, Nonô ametubu. Mpe Iracema pongezi zangu na umwambie mumewe wasichana nao wana miguu. Mimi mzima. Chumba changu hapa Catete kina dirisha moja, linatazama ukuta wa jengo la pili, karibu mno hata jirani akikaanga vitunguu ninayelia ni mimi. Nafundisha gitaa watoto wa madaktari wa meno. Soksi ninazo.

Nimechelewa kukujibu, na si kwa sababu ya shughuli. Barua zangu za posta hufunguliwa kabla hazijafika, basi nilimngoja Nonô apite tena. Ukishaisoma hii, ichome.

Ni kweli, nimelitumia jina lako.

Unakumbuka mwaka sitini na nane nilitia sahihi ile karatasi ya wanamuziki ya kuwaombea wanafunzi waliokamatwa. Ulinisifu wakati ule. Tangu hapo kila wimbo ninaoupeleka kwa wakaguzi wa serikali unarudi na muhuri mwekundu. Kumi na moja, Shangazi. Walikataa hata wimbo wa kumlaza mtoto, wakaandika pembeni, "Mtoto huyu amechoshwa na nani?" Waimbaji walionifuata hadi mlangoni miaka ile ya muziki wa bosanova, wakinibembeleza niwape wimbo mmoja tu, sasa wakiniona ng'ambo ya barabara wanainama kufunga kamba za viatu.

Sasa, kwetu sisi wanamuziki kuna desturi. Mtu wa redio ambaye hakuandika hata neno moja anaandikwa kuwa mshirika wa wimbo ili aupige. Rafiki anaazima jina, kesho anaazimwa lake. Nusu ya nyimbo unazozijua zina baba wawili, na mmoja wao hajawahi kumwona mtoto. Nami nimefanya hivyo tangu mwaka hamsini na tisa na sikuona aibu hata kidogo. Kwa hiyo nilipokaa mbele ya ile fomu nilitafuta jina lisilo na faili popote, jina safi, na likanijia lako. Nilidhani wimbo utakaa upande wa nyuma wa santuri ufe salama, asijue mtu. Sikujua watu wa televisheni watauchukua.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa.

Maneno yake unajua yametoka wapi. Ni kile chumba chako cha nyuma uliponifungia siku kumi na tano kwa surua, dirisha limepigiliwa misumari kwa ajili ya upepo, nikawa nasikia kuku wako tu. Hakuna siasa mle, ni surua.

Wakikuuliza barabarani, endelea kucheka hivyohivyo.

Mwanao,
Otávio


Santana das Pedras, 27 Juni 1972

Mwanangu,

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana imepita salama. Moto ulikuwa mkubwa, Filomena aliunguza sketi na akasema ni upepo, wote tulimwona akijaribu kuruka. Mtoto wa Iracema amebatizwa Jumapili. Wamemwita Eudóxia, kwa heshima ya umaarufu wangu. Maskini mtoto.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema niichome, nimesikia.

Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno makali ya kukuandikia, lakini yamepitwa na jambo lingine. Jana askari aliniletea bahasha, nikatia sahihi mlangoni huku Filomena akijifanya anamwagilia maua ambayo hana. Natakiwa kwenye ofisi ya wakaguzi, Belo Horizonte, tarehe kumi na nane Julai, saa nne asubuhi, "mtunzi aje aeleze maana ya maneno". Kuna mtu amewaandikia kwamba mlango uliofungwa ndani ya wimbo ule ni mlango wa gereza.

Nina miaka sitini na nane. Napiga kinanda kanisani tangu nina kumi na saba. Uongo wote niliousema maishani naweza kuuungama kwa pumzi moja na bado ikabaki ya kusalimia. Na wewe umeniweka mahali ambapo nikisema kweli nakuumiza, na nikisema uongo najiumiza. Umenifungia ndani ya jina langu mwenyewe, Tavinho, ukaondoka na ufunguo.

Na maadamu tunazungumzia uongo. Mwaka sitini na moja lile jarida la Rio lilitoa picha yako, umeegemea gari la mtu. Wakakuuliza umejifunzia wapi muziki. Ukajibu: "Nilikulia katika nyumba isiyo na muziki. Nilijifunza kwenye santuri za Wamarekani." Ulikaa kando yangu kwenye benchi la kile kinanda miaka kumi. Nilikukanyagia pedali miguu yako ilipokuwa haifiki chini. Ule ukurasa niliukata nikautia ndani ya kitabu changu cha misa, na kwa miaka kumi na moja sikukuambia kitu. Leo nakuambia. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa nijibu swali moja bila kuzunguka. Nikiwaambia kweli, watakufanya nini?

Shangazi yako


Rio de Janeiro, 6 Julai 1972

Shikamoo Shangazi,

Mpe mtoto Eudóxia pole na busu. Hapa mvua haikatiki. Nilikuwa na jino linaniua. Baba wa mwanafunzi wangu mmoja aling'oa bure, huku akiimba wimbo wangu wa mwaka sitini, na kuuimba vibaya, nami nimeachama siwezi kumrekebisha.

Umesema nisizunguke.

Unakumbuka mwaka sitini na tisa nilikuandikia niko Porto Alegre kwenye ziara ya muziki, wiki saba? Sikuwa Porto Alegre. Nilikuwa hapahapa Rio, katika chumba kisicho na dirisha, mwendo wa miguu tu kutoka nyumbani. Yaliyofanyika mle sitayaandika. Waliponiachia walichukua paspoti, wakaniamuru niripoti kituoni kila Jumatatu, na nisitoke mjini bila kibali. Ndiyo sababu siji kwako hata Krismasi. Yale maneno kwamba nina kazi nyingi yalikuwa ya kukutuliza. Wenzangu wako Paris na Roma, wananitumia picha za postikadi. Mimi natazama ukuta. Wakijua kwamba safari hii nimetumia jina la mtu kuwapita, hawataniachia baada ya wiki saba. Na wewe pia hawatakuacha hivihivi. Hilo ndilo jibu.

Nilikuambia wimbo ni surua tu. Si kweli kabisa. Mle ndani, kila siku, nilikuwa narudi kwenye chumba chako cha nyuma. Nilikaa nikisikiliza kuku hadi nikawatofautisha mmoja mmoja. Wimbo ulianzia hapo.

Kuhusu jarida, sina la kujitetea. Nilipofika Rio, wote waliokuwa wakikutana kwenye zile fleti za Copacabana walikuwa watoto wa mawakili na maprofesa. Waliimba chinichini kwa kuwachelea majirani wasigonge ukuta, na waliongea chinichini vilevile, kama watu ambao hawajawahi kumwita mtu kutoka upande wa pili wa shamba. Nilipiga gitaa langu mara ya kwanza, wote wakasogea karibu. Mmoja akasema, "Bwana, hiyo fa umeiacha wapi? Sauti zimekaa kama mtu aliyeinua mguu mmoja!" Wakasema ni usasa. Mhakiki mmoja aliandika ukurasa mzima juu ya "fa isiyokuwepo ya Otávio Seabra", akaleta na wanafalsafa. Shangazi, ningewaambia nini? Kwamba ni kinanda kibovu cha kanisa la Santana, na shangazi yangu anayekikwepa? Niliona haya. Kisha mwaka ukapita, na mwingine, na aibu ikageuka kuwa habari yangu rasmi. Nyimbo ishirini na mbili nimetoa, na hakuna hata mmoja unaoigusa ile fa. Nimejaribu. Nikiigusa, naona kama nimeingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi.

Huko Belo Horizonte sema lolote litakalokulinda. Ukilazimika kunitaja, nitaje. Nimeandika neno hilo mara tatu na mkono umekataa mara mbili, kwa hiyo nitasema na hili: naogopa. Naogopa sana.

Zichome hizi barua.

Mwanao,
Otávio


Santana das Pedras, 23 Julai 1972

Mwanangu,

Kwanza nisikuweke roho juu: nimerudi, nimekaa jikoni kwangu, na hakuna aliyekamatwa. Goti limevimba kwa safari. Kuku mmoja aliugua nilipokuwa sipo. Filomena anasema ni huzuni, mimi nasema ni mabaki ya keki aliyompa. Iracema anakusalimu.

Nilivaa gauni la mazishi ya Brandão, lile jeusi lenye kola. Padre alitaka kunisindikiza nikamkataza, maana akiogopa anazungumza Kilatini.

Mkaguzi alikuwa kijana msafi, kalamu tatu mfukoni. Msichana mmoja alikuwa akipiga mashine ya kuandika.

"Dona Eudóxia, mlango huu uliofungwa ni mlango gani?"

"Wa chumba changu cha nyuma."

"Nani aliyefungiwa humo?"

"Mgonjwa wa surua."

"Na hawa kuku ni nani?"

"Ni kuku."

"Kuku wa namna gani?"

"Wa kutaga, bwana. Na jogoo mmoja, tulimla Pasaka."

Msichana wa mashine akauma mdomo. Kijana hakucheka. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Hapa umeandika, 'atakuja siku moja kunifungulia'. Atakayekuja kufungua ni nani?"

"Ni mimi. Ufunguo nilikuwa nao mimi."

Hapo akaweka kalamu chini. Akasema, mama, wewe husemi kama mtu aliyeandika haya. Akatoka, akarudi na sajenti wa bendi yao ya askari, mtu mzima mwenye masharubu meupe, Sajenti Teodoro. Wakanipeleka kwenye ukumbi wa bendi wenye piano. "Upige," akasema kijana. "Kama ni wako, upige."

Nilikuwa nimeupiga kanisani wiki tatu nzima, milango imefungwa, Filomena akidhani nasali novena za siku tisatisa. Hata hivyo mikono ilikuwa baridi kama samaki. Nilianza, na vidole vikaenda vyenyewe. Nilipomaliza kijana alimtazama sajenti, maana mwenyewe muziki haujui. Sajenti alikuwa amesogea hadi bega kwa bega nami.

"Mama, fa ya katikati ina shida gani?"

"Kwangu hailii. Miaka thelathini na nne sasa."

"Hii hapa inalia."

"Najua. Mkono haujui."

Akaniambia nipige wimbo mwingine wowote. Nikampigia wa Komunyo. Akasema mwingine, nikampigia dansi ya valsi aliyoipenda Brandão. Yote naikwepa, Tavinho, sikuwa najua naikwepa kiasi kile hadi aliposimama mtu akinihesabia. Akaanza kucheka taratibu, akafuta macho, akamgeukia kijana: "Bwana mkubwa, huyu ndiye. Kitu hiki mtu hafundishwi kwa wiki mbili."

Nikaulizwa rasmi, msichana akiandika: wimbo ni wako? Nikasema, umetoka mikononi mwangu. Padre nimemsimulia, akasema haoni dhambi, ila nisiwe na mazoea.

Halafu sajenti akaniuliza jambo moja zaidi, nikamjibu, wakaandika, tukaachana. Wimbo wamepiga muhuri wa kuruhusiwa.

Sasa lala usingizi. Jibini itakuja mwezi ujao.

Shangazi yako,
Eudóxia


Rio de Janeiro, 20 Septemba 1972

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti limepungua na kuku amepona. Mimi nipo.

Nimejiuliza moyoni tangu Julai ni jambo gani hilo moja zaidi. Jumamosi nimelisoma gazetini, pamoja na Rio nzima. Sajenti wako ni mtu wa kupenda kuzungumza. Amemwambia mwandishi kwamba alikuuliza: "Kuna kijana wa Rio anaitwa Otávio Seabra, naye huiruka hiyohiyo fa. Unamjua?" Na wewe, kwa mujibu wa gazeti, ulijibu: "Simjui. Kama naye anapiga hivyo, basi ameniibia."

Wameweka picha yako na kinanda. Chini yake wameweka yangu, ile ya gari.

Sasa nikueleze ilivyo huku. Mwanafunzi wangu wa miaka kumi na miwili ameniuliza kama na mimi nilifundishwa na bibi wa Minas au nilimsikiliza kwa siri. Yule mhakiki ameandika tena, anasema siku zote alihisi kuna kitu. Jumatatu nilipokwenda kuripoti, ofisa alisimama akanipigia makofi. "Karibu, mwizi wa bibi!" Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Kisha akasema hakuna haja ya kuja kila wiki, mara moja kwa mwezi inatosha. Hawaniogopi tena, Shangazi. Hakuna serikali inayomwogopa mtu wa kuchekwa.

Kwa hiyo umeniokoa, hilo sikatai. Najua usingesema vile wangefungua daftari la ubatizo kesho yake na kutuona ni ndugu. Nimelirudia kichwani mara mia na kila mara naona ulifanya jambo la pekee lililowezekana. Lakini sina tena hata wimbo mmoja. Zote ishirini na mbili zinairuka fa, na fa sasa ni yako. Nikikana, nakwenda jela na wewe unakuja nyuma yangu. Nikikubali, mimi ni mwizi. Nakaa kwenye kile chumba chenye dirisha la ukutani, jirani anafungulia redio, Leda Marçal anaimba, na nasikia mtangazaji akilitaja jina lako, mara tatu kwa siku.

Najiuliza kama uliposema neno lile ulikuwa na hasira ya lile jarida. Nadhani ulikuwa nayo.

Tusiandikiane tena. Mtu na mwizi wake hawatumiani jibini.

Otávio


Santana das Pedras, 3 Novemba 1972

Tavinho mwanangu,

Umesema tusiandikiane. Nonô anahamishiwa njia ya Vitória mwisho wa mwezi huu, basi hii ni ya mwisho na utaisoma upende usipende.

Jana ilikuwa siku ya marehemu. Nilikwenda makaburini, nikawasalimu wazazi wako kwa niaba yako, nikang'oa majani. Kwa Brandão niliweka maua ya njano. Mtoto Eudóxia ameota jino moja na tayari ameshamuuma padre. Kuku alipona, kisha akaibiwa.

Nakujibu lile ulilolisema mwishoni. Nilikuwa na hasira. Sajenti alipolitaja jina lako nilijua nina muda wa kuvuta pumzi moja tu, na neno lililokuja ndilo lile. Lilikuja kukuokoa. Lakini lilipotoka, mwanangu, nililisikia utamu mdomoni. Muda mfupi tu, kama sukari, kisha likawa chungu hadi leo. Nimeungama yote mengine, hili la utamu sijaweza kumwambia Padre. Nakuambia wewe, kwa kuwa ni lako. Nisamehe. Mimi la jarida nimekusamehe, ule ukurasa nimewashia jiko.

Usidhani mimi niko huru na wewe ndiye uliyefungwa. Watu wa santuri wameandika mara mbili, wanataka nyimbo nyingine kwa Dona Eudóxia. Waandishi wanakuja na mashine za picha, wananikalisha kwenye kinanda, wananiambia nitabasamu. Nikitembea napigwa macho, nikikohoa inakuwa habari. Siwezi kusema ni wangu bila moyo kuniuma, siwezi kusema si wangu bila wewe kukamatwa. Basi nacheka na lile jino bovu, hadi nife.

Lakini nimefikiri hivi. Una nyimbo kumi na moja zenye muhuri mwekundu. Zilete kwa mkono wa Nonô kabla hajahama, nami nitazipeleka. Kikongwe wa Minas hawamkatalii tena, ndiye kipenzi chao. Waache wamtafute huyo aliyemchosha mtoto. Jina litakuwa langu, lakini zitasikika, na wewe utazisikia kupitia ukuta wa jirani. Najua si kitu cha kutosha. Ndicho nilichonacho.

Sasa nikupe habari ya mwisho. Padre Ladislau, kwa kuwa kanisa lake lina mtunzi, alileta fundi kutoka Belo Horizonte bila kuniambia. Jumapili nimekaa, nimeanza wimbo wa kuingilia, kidole kikateleza, na ile fa ikalia. Baada ya miaka thelathini na nne. Ililia vizuri, safi, kanisa zima likaguna kwa furaha. Mimi nilishindwa kuendelea. Nilimaliza misa kwa mkono mmoja.

Jioni yake nilirudi peke yangu na bisibisi ya marehemu. Barua zako nilizichoma kama ulivyosema, zote ila moja, ile ya Juni. Ile uliyoandika, "Ni kweli, nimelitumia jina lako." Nimeikunja mara nne, nikaiingiza chini ya kile kibonyezo, hadi mwisho, kisha nikakijaribu. Hakilii. Padre amekasirika, anasema fundi ni tapeli. Nimemwacha aseme.

Hao watu wa muhuri mwekundu hawatakaa milele, hakuna waliokaa. Siku wakiondoka, njoo. Kama mimi nitakuwa nimeshalala kule kwa Brandão, ufunguo wa kanisa anao Filomena. Keti kwenye benchi letu, ukiinue kile kibonyezo, uchukue jina lako.

Shangazi yako,
Eudóxia